Barua ya wazi kwa Tume ya Uchaguzi: Ile karatasi ya kituo chetu

Kwa Mwenyekiti Erastus Ethekon na Makamishna,
Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC),
Nairobi.

Bwana Mwenyekiti na makamishna wenzako, salamu kutoka Kilifi.

Mimi ni mwenye saiba. Nina kompyuta nne, printa moja inayokwama kila karatasi ikila unyevu wa bahari, na benchi la kusubiria. Kazi yangu ni kuwajazia watu ritani za kodi za KRA, kuwafungulia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, waliosahau nywila, na kuwaombea vijana mikopo ya chuo. Sina chama. Sijawahi kuajiriwa na Tume hata kwa ukarani wa siku moja. Nawaandikia kwa sababu ya wiki moja ya Agosti 2022 ambayo duka langu halikufanya kazi yake ya kawaida, na kwa sababu ya Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027, ambayo nyinyi na mimi tunaihesabia siku.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Usiku wa tarehe 9 Agosti 2022, kura zikiwa bado zinahesabiwa, iliingia picha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Juu imeandikwa Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kila kituo, jina la shule yetu ya msingi limejazwa kwa kalamu, na hesabu yake imempa mgombea mmoja karibu kura zote, mwenzake kura tatu. Kura tatu, katika shule ambayo asubuhi ile nilisimama foleni saa mbili nikisikia watu wa pande zote wakitaniana! Ningefikiri dakika moja ningeona haiwezekani. Sikufikiri. Niliisambaza katika makundi matatu, mojawapo la jamaa zangu wanaofanya kazi Doha, ambao nao hawakulala.

Asubuhi, sijamaliza kufagia, akaja mzee mmoja jirani. Mkononi ana mulika mwizi, ile simu ndogo ya tochi isiyojua intaneti ni nini. Habari ya zile kura tatu ilikuwa imemfikia hata yeye. Akakaa benchini, akaegemeza bakora ukutani, akaniambia, "Mwanangu, nifungulie ile karatasi yenyewe. Sitaki ya kutumiwatumiwa. Ya Tume."

Nikafungua lango la matokeo la Tume mtandaoni. Kaunti, eneobunge, wadi, shule, kisha chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Karatasi ikateremka kwenye kioo polepole, mstari kwa mstari, kwa kuwa mtandao wa asubuhi ile ulikuwa umeelemewa. Mzee akavaa miwani na kusogea mpaka pua ikakaribia kugusa skrini. Hakutazama kura kwanza. Alishuka moja kwa moja hadi chini, kwenye sahihi za mawakala. "Hii S iliyopinda kama ndoana," akasema, "ni ya mjukuu wangu. Alirudi nyumbani alfajiri." Ndipo akapanda juu kusoma hesabu. Mgombea wake alikuwa ameshindwa katika chumba kile, kwa kura zisizofika arobaini. Akavua miwani. "Basi, tumeshindwa." Akanilipa shilingi kumi za kuchapishiwa, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni na kwenda zake.

Nilirudi kwenye yale makundi matatu nikaomba radhi. Kwa jamaa wa Doha nilitukanwa, na haki yao.

Mchana watu walikuwa wamejaa hadi nje. Kila mmoja anataka ya kwao: ya shule ya mjombake, ya kijiji alikoolewa dadake, ya Turkana alikowahi kufundisha. Zilizoachwa mezani nilizibandika ukutani kwa selotepu. Kufikia Ijumaa ukuta mzima ulikuwa karatasi, na vijana wawili wa sekondari walikuwa wameshika kikokotoo wakijumlisha wadi yetu. Walikosea, wakarudia, wakapata. Jamaa mmoja alichungulia mlangoni akaniambia, "Wewe unafanya kazi ya Tume, utakuja kushikwa." Alisema kwa utani. Hata hivyo jioni ile niliwaza niubandue ule ukuta au niuache.

Nimeyasimulia haya kwa urefu kwa sababu nasikia mazungumzo ya kuelekea 2027 yote ni ya mashine. Vifaa vya KIEMS, vya kutambua wapiga kura na kutuma matokeo, vilivyonunuliwa kwa uchaguzi wa 2017 vitakuwa vimetimiza miaka kumi, zabuni zitaitishwa, mabilioni yatatajwa, na wanasiasa watagombana kuhusu ni kampuni gani ya nje ituletee. Hayo yana nafasi yake. Lakini mzee wangu hajui KIEMS ina betri ngapi. Kilichomfanya akubali kushindwa ni ile S ya mjukuu wake.

Tumewahi kupewa mashine bila karatasi, tukaona. Mwaka 2013 tuliahidiwa kwamba matokeo yatatumwa kwa simu hadi Bomas, ukumbi wa Nairobi wa kujumlishia kura, na nchi itayaona papo hapo kwenye televisheni. Kompyuta za kutambua wapiga kura zikaishiwa chaji katika madarasa yasiyo na umeme, utumaji ukakwama, na hitilafu ya programu ikawa inazidisha kura zilizoharibika mara nane hadi zikafika mamia ya maelfu kwenye skrini. Tukarudi kusubiri wasimamizi wa maeneobunge wasafiri na makaratasi yao hadi Nairobi. Mahakama ya Juu iliyathibitisha matokeo, ila mwananchi wa kawaida hakuwa na pa kwenda kujitazamia.

Mwaka 2017 uliumiza zaidi. Siku chache kabla ya kura Chris Msando, aliyekuwa akisimamia teknolojia ya Tume, aliuawa, na mpaka leo nchi haijaambiwa ni nani aliyemuua na kwa nini. Mshindi wa urais alitangazwa tarehe 11 Agosti huku maelfu ya Fomu 34A zikiwa hazijaonekana. Mlikuwa na maelezo: Tume ilikuwa imesema kabla ya kura kwamba vituo zaidi ya 11,000 havina mtandao wa kutosha kutuma picha. Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikaagiza seva zifunguliwe zikaguliwe, Tume haikulitekeleza agizo kikamilifu, na tarehe 1 Septemba uchaguzi wa rais ukafutwa. Tangu siku hiyo neno "fungua seva" limeingia kwenye Kiswahili chetu. Hata watoto wakigombania mpira utawasikia wakiambiana, fungua seva.

Sitaki kurudi hadi 2007, mnaijua. Niseme hili moja tu. Tume ya Jaji Kriegler iliyochunguza uchaguzi ule ilikuta hesabu zimevurugika kiasi kwamba haikuwezekana kusema nani alishinda. Watu zaidi ya elfu moja walikufa kwa hesabu ambayo hakuna aliyeweza kuionyesha. Na katika majuma yale ya Januari 2008, matangazo ya moja kwa moja yakiwa yamepigwa marufuku, Wakenya wachache walitengeneza tovuti ya kupokea taarifa za ghasia kwa ujumbe wa simu na kuziweka kwenye ramani. Wakaiita Ushahidi. Baadaye ikatumika Haiti kwenye tetemeko la 2010 na kwingineko duniani. Mimi hujivunia jina lile. Nchi iliyokosa ushahidi wa kura ndiyo iliyowapa walimwengu chombo chenye jina hilo.

Sasa turudi 2022. Vituo vilikuwa 46,229. Katika siku mbili tatu karibu picha zote za Fomu 34A zilikuwa kwenye lango, na kila mtu aliyeweza kupata intaneti aliziona, mshindi hajatangazwa. Vyombo vya habari vilikodi vijana wa kuzisoma na kujumlisha. Kila kituo cha televisheni kikaanza na maeneo yake, mmoja akiongoza huku na mwenzake akiongoza kule, hadi watu wakawa wanabadilisha chaneli kumfuata mgombea wao. Kisha baadhi wakapunguza kasi kabla ya kufika mwisho, na hofu ikarudi. Tarehe 15 Agosti Wafula Chebukati, mwenyekiti wa Tume wakati ule, akatangaza William Ruto kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930, huku makamishna wanne wakiyakana matokeo hayo kwenye hoteli moja upande mwingine wa jiji. Tulikuwa karibu sana na 2007, msijidanganye. Kilichosaidia ni kwamba mahakamani, Mahakama ya Juu ilipofanya ukaguzi wake, haikuona tofauti kubwa kati ya fomu zilizokuwa kwenye lango na zile za karatasi zilizofikishwa Bomas. Wakati huo nakala zilikuwa zimeshasambaa nchi nzima. Nyingine zilikuwa kwenye ukuta wangu.

Hebu fanyeni hesabu waliyoifanya wale vijana wangu wawili. Tofauti ya kura ilikuwa 233,211. Igawanyeni kwa vituo 46,229. Ni kura tano kwa kituo. Tano! Katika kituo chenye watu wasiozidi 700, tarakimu moja ya mwandiko wa mtu aliyekesha usiku kucha, moja iliyosomwa saba, ni kura sita.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza ni hili, na ndilo ninalolishikilia zaidi. Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 39, tayari inawataka mzichapishe fomu kwenye lango la umma. Nashukuru. Lakini picha ni picha. Kompyuta haiwezi kuijumlisha, mpaka binadamu aisome kwa macho, namba moja moja, mara 46,229. Wenye fedha za kukodi vijana mia mbili wataweza. Mimi na mzee tutabaki na kituo kimoja. Kando ya kila picha wekeni tarakimu zenyewe: waliosajiliwa, waliopiga, kila mgombea, zilizokataliwa. Kisha wekeni jedwali zima ambalo mtu yeyote anaweza kulipakua akalifungua kwenye kompyuta kama hizi zangu. Anayeona tarakimu ya jedwali haifanani na karatasi aseme, na karatasi ndiyo iamue. Fomu 34B za maeneobunge zikae papo hapo karibu, ili mtu apande ngazi kutoka darasani hadi Bomas bila kupotea. Na muonyeshe saa: picha imetoka kituoni saa ngapi, imefika saa ngapi. Najua mtaambiwa kwamba mkiandika tarakimu mapema mtakuwa mmetangaza mshindi kabla ya Mwenyekiti. Nendeni mkaisome tena kesi ya mwanaharakati Maina Kiai ya 2017. Mahakama ya Rufani ilisema hesabu iliyofungwa chini haibadilishwi juu. Kama haibadilishwi, yanini kuificha kwenye picha?

La pili ni la wenye mulika mwizi. Huku kwetu ukienda ndani kidogo, Ganze au Magarini, simu janja ziko, lakini mwenye kuweka data kila siku ni wa kutafutwa. Watu hawa hutazama salio na kutuma pesa kwa kubonyeza nyota na alama ya reli. Basi kwa nini wasibonyeze hivyo hivyo, waweke namba ya kituo chao, wakasomewa matokeo yake kwa Kiswahili, bila kukatwa senti? Si teknolojia ya kuagizwa ng'ambo. Vijana wa hapa Mombasa hutengeneza vitu kama hivyo kwa ajili ya vyama vya akiba. Na mkiwa hapo, lango lenyewe nalo liseme Kiswahili. Katiba imekitaja lugha ya taifa na lugha rasmi, na mimi nimechoka kuwa mkalimani.

Kuna jambo la picha za uongo. Ile iliyonidanganya 2022 ilikuwa ya kienyeji, mtu kaijaza kwa mkono. Leo kijana mwenye simu anaiamuru programu ya akili mnemba impe Fomu 34A yenye muhuri, mikunjo, kivuli cha taa na sahihi sita zilizopinda kila moja kivyake. Hiyo itafika kwenye makundi yetu kabla msimamizi wa kituo hajamaliza kufunga sanduku. Dawa yake siioni katika kutishia watu kwa sheria ya makosa ya mtandao, ingawa najua itatajwa. Mwaka 2022 ya uongo ilitangulia usiku kucha, na ya kweli ikaikuta asubuhi. Pengo hilo la muda ndilo la kupunguza. Kituo kisicho na mtandao kijulikane miezi kabla, orodha yake itangazwe hadharani, na msimamizi aambiwe mapema atapanda kilima gani au atapewa kifaa gani cha setilaiti. Yule mjukuu wa mzee alinisimulia jinsi walivyokaa darasani na taa ya simu wakingoja picha ipae, mawakala wote macho kodo kwenye kifaa, hakuna aliyethubutu kwenda msalani.

Hapo naingia kwenye intaneti yenyewe. Najua si yenu, ni ya Mamlaka ya Mawasiliano na makampuni ya simu. Lakini lango lenu linapita humo humo. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bunge kuupinga Mswada wa Fedha, intaneti ilidorora nchi nzima, na tukaambiwa ni nyaya za baharini. Inawezekana. Nyaya hizo zinatokea pwani yetu hii, na bahati mbaya ipo. Ila bahati mbaya za namna ile zikitokea usiku wa kuhesabu kura hakuna atakayeziamini. Tumeona kwa majirani: Tanzania ilipopiga kura tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa siku ile ile, ikarudi baada ya siku kadhaa. Hapa dukani nina wateja wenye ndugu Tanga. Walikuja kila asubuhi kuuliza kama "imerudi", wakakaa kwenye benchi lile lile, nami sikuwa na la kuwaambia. Nawaomba mwende kwa Mamlaka ya Mawasiliano mapema, mpate ahadi ya maandishi kwamba tangu kura ifunguliwe hadi mshindi atangazwe hakuna atakayegusa mtandao, na ahadi hiyo muichapishe tuione. Mkinyimwa, tuambieni kwamba mmenyimwa.

Mengine ni mafupi. Fomu za uchaguzi uliopita zisiondolewe pale zinapokuja mpya. Mwenye kutaka kulinganisha wadi yake ya 2022 na 2027 ana haki hiyo. Kumbukumbu za seva ziandaliwe tangu mwanzo zikijua zitaitwa mahakamani, ili jaji akisema zifunguliwe zifunguliwe siku ile ile. Na mseme wazi wazi, kwa kinywa chenu, kwamba mwananchi anayejumlisha fomu zenu na kubandika jumla yake ukutani hajavunja sheria mradi hajitangazi kuwa yeye ndiye Tume. Kutangaza ni kwenu. Kuhesabu ni kwa kila aliyefika darasa la nne. Kifungu cha 86 cha Katiba kinataka mfumo uwe rahisi, sahihi, wa kuthibitishwa, wenye uwazi. Sijui mtu athibitishe vipi kitu akiogopa kukijumlisha.

Nafahamu mlipoanzia. Nchi ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi nyinyi mlipoapishwa Julai 2025, na vijana wengi wa umri wa kujiandikisha hawajawahi kuona uchaguzi ukienda vizuri, wamehadithiwa tu. Hao ndio walioandamana 2024 wakiwa na simu mkononi, wakausoma Mswada wa Fedha kipengele kwa kipengele, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani na kuusambaza. Msiwaone kama hatari. Wapeni jedwali muone watakavyowatafutia makosa ya hesabu bure, kabla mawakili hawajayatafuta kwa mamilioni.

Ule ukuta niliuacha. Karatasi zilikaa pale hadi Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi tarehe 5 Septemba, jua likawa limezifanya za manjano, na moja ya Turkana ikachukuliwa na mteja ambaye hakuwahi kuniambia aliitakia nini. Selotepu imeacha alama kwenye rangi mpaka leo.

Wiki iliyopita mzee alipita hapa kuchukua chenji yake. Amedhoofika, bakora sasa ni mbili. Aliuliza kama mwaka 2027 saiba itakuwa bado ipo. Nikamwambia Mungu akijalia itakuwepo, printa hii hii. Akauliza, na ile karatasi, je, itakuwepo? Nikamwambia ngoja niwaandikie wenyewe.

Wenu,
Mwenye saiba,
Kaunti ya Kilifi